Diski za breki: pima kwanza, nunua baadaye

Swali linalonijia kuliko mengine yote ni hili: "Nikikanyaga breki usukani unatetemeka. Fundi kasema diski zimepinda, ninunue mpya?" Shemeji kauliza, jirani kauliza, juzi kauliza mtu niliyekaa naye kwenye pantoni ya Kigamboni baada ya kuona mikono yangu ina kutu. Nimechoka kulijibu kwa vipande kwenye simu, kwa hiyo leo naliandika lote.

Jibu fupi: huenda diski zimekwisha kweli, lakini neno "zimepinda" linatumika ovyo. Diski haikunjiki kirahisi kama sufuria. Mara nyingi imekaa upande kwa sababu ya kutu iliyojificha nyuma yake, au unene wake haulingani pande zote, au nati za tairi zimekazwa bila mpango. Yote matatu yanaleta mtetemo ule ule, na si kila moja linadai diski mpya.

Mimi nimeshalipia ujinga huu. Nilinunua diski mbili mpya na pedi zake, gereji moja ikanifungia, mtetemo ukaisha. Baada ya kama miezi mitatu ukarudi vile vile. Nilipolalamika nikaambiwa diski nilizoleta ni feki. Nilipofungua mwenyewe nyumbani nikakuta ganda la kutu kwenye habu, kile kitovu cha chuma ambacho diski na gurudumu hufungwa juu yake, dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, limeng'ang'ania palepale lilipokuwa tangu enzi za diski za zamani. Diski mpya ilifungwa juu yake. Alama ya lile ganda ilikuwa imejichora ndani ya ile sehemu ya katikati ya diski iliyoinuka, inang'aa.

Mfano wangu ni Toyota IST, kwa kuwa ndilo gari nililonalo na mitaa imejaa magari hayo. Lina diski mbele na dramu nyuma. Vitz, Raum, Platz na mengine ya ukoo huo kazi yake ni hii hii, labda saizi ya spana ndiyo itakayobadilika. Kama gari lako lina diski hata nyuma, nyuma usiguse kwa mwongozo huu. Kalipa nyingine za nyuma (kalipa ni kile kishikio kinachobana pedi kwenye diski) zimeunganishwa na hendibreki, na pistoni yake hurudishwa kwa kuzungushwa, siyo kwa kusukumwa.

Machache ya kuelewa kabla ya kushika spana

Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Kalipa imeikumbatia kwa juu. Ukikanyaga pedeli, mafuta ya breki yanasukuma pistoni iliyo ndani ya kalipa, na pedi mbili zinaibana diski kama unavyobana chapati kwa vidole viwili. Mwendo wote wa gari unageuka joto, na diski ndiyo inayolibeba. Ndiyo maana za mbele zina nafasi ya hewa katikati. Diski ikiliwa ikawa nyembamba inapata moto haraka zaidi, na hapo ndipo hatari ilipo. Sehemu ya katikati iliyoinuka, inayokaa kwenye habu, nitaiita kofia.

Basi. Nadharia imetosha.

Vitu vya kuwa navyo

- Jeki, na stendi moja ya chuma ya kushikilia gari. Jeki peke yake haitoshi, na tofali pia halitoshi, kwa sababu tofali hupasuka bila kuaga.
- Mawe mawili au vipande vya gogo vya kuzuia magurudumu ya nyuma.
- Wili spana ya 21, na soketi za 14 na 17 zenye mkono mrefu.
- Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kama huna, azima. Ni kifaa ambacho watu wanacho na hawakitumii.
- Mikromita ya kupimia unene, au venia kama mikromita haipatikani.
- Geji ya saa yenye kitako cha sumaku, ya kupimia kuyumba kwa diski, au fila geji, ile ya kupimia mwanya wa plagi.
- Brashi ya waya, msasa namba 80 na namba 120, matambara safi.
- Dawa ya kusafishia breki. Petroli siyo mbadala wake.
- Grisi ya silikoni au grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi inavimbisha mipira ya kalipa.
- Klampu ya seremala ya kurudishia pistoni.
- Bolti mbili za M8, uzi wa 1.25, urefu kama sentimita nne.
- Waya wa kufungia nondo, chaki, glavu, barakoa, na simu yako ya kupigia picha kila hatua.

Tenga nusu siku kwa mara ya kwanza. Ukizoea, gurudumu moja ni dakika arobaini.

Kazi yenyewe

1. Endesha kwanza, usikilize. Tafuta barabara tulivu iliyonyooka. Fika kilomita 80 kwa saa, kanyaga breki taratibu, ushike usukani kwa vidole vyepesi. Usukani ukitetemeka, tatizo liko mbele. Ukitulia huku kiti na pedeli vinadundadunda, shuku dramu za nyuma. Na kama gari linatetemeka hata bila breki, acha diski za watu. Nenda kafanye balansi ya tairi.

2. Simamisha gari mahali pa sakafu ngumu na iliyo sawa. Vuta hendibreki, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, mbele na nyuma ya kila tairi. Legeza nati za tairi nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Ndipo upige jeki mahali palipoandaliwa ubavuni, uweke stendi, na ulishushe gari liegemee stendi. Lisukume kidogo kwa mkono kabla hujaingiza kichwa popote. Kisha toa gurudumu na uweke gia N. Ukiacha P na gurudumu moja tu limenyanyuliwa, diski haitazunguka. Ndiyo maana yale mawe ya nyuma si mapambo.

Onyo la vumbi: lile vumbi jeusi usilipulize kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Baadhi ya pedi za bei chee zina asbesto, na asbesto ikishaingia kwenye mapafu haitoki. Vaa barakoa, lowesha kwa dawa ya breki, futa kwa tambara, tambara litupe.

3. Iangalie diski kabla ya kufungua kitu. Zungusha usukani ili uione vizuri, na usisahau uso wa ndani, ule usioonekana. Watu wengi wanaangalia uso wa nje unaong'aa na kuridhika, kumbe wa ndani umechimbika kama barabara ya changarawe. Tafuta haya:

- Mikwaruzo. Pitisha ukucha kutoka katikati kwenda nje. Mistari miepesi ni kawaida. Ukucha ukikwama kila mara, hapo kuna jambo.
- Ukingo uliosimama nje, pale pedi zisipofika. Ukiwa mrefu, diski imeliwa sana.
- Madoa ya bluu au meusi yaliyotawanyika. Hayo ni makovu ya joto kali.
- Nyufa. Ufa unaofika ukingoni hauna mjadala, diski hiyo imekufa.

Kutu ya rangi ya machungwa juu ya uso baada ya mvua au baada ya kuosha gari si ugonjwa. Sisi wa pwani tunaiona kila asubuhi. Breki mbili tatu zinaifuta.

4. Pima unene. Hapa ndipo ubishi na fundi unapoisha. Kwenye diski yenyewe, kwenye kofia au ukingoni, kuna maandishi MIN TH na namba ya milimita. Hicho ndicho kiwango cha mwisho kilichowekwa na mtengenezaji. Kama kutu imeyafunika, pitisha brashi ya waya. Kwenye magari madogo kama haya tofauti kati ya diski mpya na iliyofika mwisho mara nyingi ni milimita 2 tu, yaani milimita moja kila upande. Kwa macho huwezi kuiona.

Gawa diski kwa chaki sehemu nane kama unavyokata keki. Pima kila sehemu kwa mikromita, sentimita moja kutoka ukingoni, uandike. Unatafuta mambo mawili. La kwanza, kama namba ndogo kuliko zote iko juu ya MIN TH. La pili, tofauti kati ya namba kubwa na ndogo. Ikizidi milimita 0.02, mtetemo utausikia mguuni. Unywele wa kichwa una unene wa mara tatu nne ya huo, ukadirie mwenyewe jinsi jambo lenyewe lilivyo dogo.

Kama una venia tu, angalia isikudanganye. Meno yake yatakaa juu ya ukingo usioliwa na utasoma diski nene kuliko ilivyo. Dawa yake ni sarafu mbili za shilingi mia mbili. Zipime kwanza zikiwa pamoja, kisha weka moja kila upande wa diski ndani ya ukingo, pima vyote, utoe unene wa sarafu. Tuseme sarafu zimetoa 4.0 na jumla imekuja 24.6. Diski yako ni 20.6. Venia hii itakuambia kama diski imekwisha, ila haitakuonyesha ile tofauti ya 0.02. Kwa hilo unahitaji mikromita, na mafundi wengi wa leti, ile mashine ya kuchonga chuma, wanayo.

5. Pima kuyumba. Rudisha nati za tairi pamoja na washa (vile visahani vya chuma vya chini ya nati) ili diski ibanwe vizuri kwenye habu. Funga geji ya saa kwenye nguzo ya shokapu, ncha yake iguse diski sentimita moja kutoka ukingoni, uzungushe diski taratibu kwa mkono. Magari mengi ya aina hii yanataka kuyumba kusizidi milimita 0.05. Weka chaki pale inapotoka nje zaidi.

Huna geji ya saa? Kunja waya wa nondo, ufunge kwenye shokapu, ncha yake ikaribie diski bila kuigusa. Zungusha, kisha pima mwanya kwa fila geji pale palipo karibu zaidi na pale palipo mbali zaidi. Ni ufundi wa kubahatisha kidogo, lakini ulinionyesha lile ganda langu la kutu kabla sijalitia machoni.

6. Toa kalipa. Bolti mbili za nyuma ya kalipa mara nyingi ni spana ya 14. Zitoe, inua kalipa, uining'inize kwenye springi ya shokapu kwa waya wa nondo. Usiiache hata sekunde moja ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, yaani bomba la mpira linaloiletea mafuta ya breki. Mpira huo ukichanika ndani, nje utaonekana mzima, na siku utakapouhitaji ndipo utakapojua. Toa pedi, weka alama ipi ilikuwa ndani na ipi nje. Kisha fungua bolti mbili kubwa za 17 zinazoshika fremu ya kalipa. Hizi huwa zimekaza kweli. Tumia mkono mrefu, vuta kuelekea kwako, hakikisha gari halitikisiki juu ya stendi.

Na toka sasa mtu yeyote asikanyage pedeli ya breki. Kama kuna watoto, funga milango. Pistoni ikichomoka umejitafutia kazi ya siku nzima.

7. Ng'oa diski. Chora mstari wa chaki unaopita kwenye kofia na kwenye bolti moja ya habu, ili irudi ilipokuwa. Ikiganda usiipige nyundo usoni. Kwenye kofia utaona matundu mawili madogo yenye uzi. Hayo si ya urembo. Ingiza zile bolti mbili za M8, kaza moja kidogo, halafu nyingine kidogo, kwa zamu. Diski itatoa mlio mmoja mkavu na kuachia. Mara ya kwanza niliposikia ule mlio nilidhani nimevunja kitu.

8. Safisha habu. Kama utaharakisha hatua zote, hii usiiharakishe. Huku kwetu Kigamboni chumvi ya bahari haiachi chuma kipumzike, na kutu inajenga tabaka juu ya tabaka kati ya habu na kofia. Ganda likiwa na unene wa milimita 0.05 chini ya kofia, ukingoni mwa diski kuyumba kunakua karibu mara mbili, kwa sababu ukingo uko mbali zaidi na katikati. Halafu kila mzunguko diski inagusa pedi mahali palepale, inaliwa kidogo kidogo upande mmoja, mpaka unene wake unaharibika. Ndiyo maana mtetemo wangu ulichukua miezi mitatu kurudi. Siku ya kwanza diski mpya ilikuwa inayumba tu, unene wake ukiwa bado sawa, na mguu hausikii hilo.

Anza na brashi ya waya, malizia kwa msasa namba 80. Kuzunguka kila bolti kutu hujificha zaidi. Kata kipande cha msasa chenye tundu, kivishe kwenye bolti, ukizungushe kwa soketi kubwa. Fanya vivyo hivyo ndani ya kofia. Futa kwa dawa ya breki, kisha pitisha kidole. Kidole kikihisi kivimbe chochote, rudia. Usipake grisi nyingi hapo kwa kudhani unazuia kutu. Grisi nene nayo inaiweka diski upande, na ikiyeyuka kwa joto inakwenda kwenye pedi.

9. Amua: irudi, ichongwe, au itupwe. Chukua namba zako.

Unene uko sawa kila mahali na juu ya kiwango, ila ilikuwa inayumba: irudishe kwenye habu iliyosafishwa, upime tena. Mara nyingi kuyumba kunaisha hapo hapo na hujatumia zaidi ya msasa. Kama bado inayumba, isogeze bolti moja mbele, upime. Kuna nafasi nne za kujaribu. Chagua iliyo bora, chora chaki mpya.

Unene haulingani lakini nyama bado ipo: fundi wa leti anaweza kuichonga. Mpe zote mbili za mbele, siyo moja. Muulize swali moja kabla hajawasha mashine: "Ukimaliza itabaki ngapi?" Jibu likikaribia MIN TH, acha. Diski iliyochongwa hadi mpakani ni hela ya kutupa, maana safari chache tu itavuka mpaka. Na akimaliza, pima mbele yake. Fundi mzuri hatakasirika.

Imefika MIN TH, au ina ufa: nunua mpya, jozi. Gerezani hapa Dar na Kirinyaga Road kule Nairobi utaoneshwa za kila bei. Nenda na diski yako ya zamani mkononi na mikromita mfukoni. Linganisha kipenyo, kimo cha kofia, idadi ya matundu ya bolti, na unene. Za mtumba zinauzwa pia, na sikatai, lakini diski ya mtumba isiyosomeka MIN TH siinunui hata nikipewa nusu bei. Mpya zinakuja zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Zioshe kwa dawa ya breki pande zote mbili kabla ya kufunga. Watu hulisahau hili, pedi mpya zinalowa mafuta siku ya kwanza.

Diski mpya au zilizochongwa zipewe pedi mpya. Pedi za zamani zimeshazoea mabonde ya diski nyingine.

10. Angalia pini na pistoni. Kalipa inateleza juu ya pini mbili. Zivute nje moja moja. Zikiwa kavu au zina kutu, zifute, zipake grisi ya breki kwa wembamba, urudishe kila moja mahali pake. Kwenye kalipa nyingi za Toyota pini ya juu na ya chini hazifanani, moja ina mpira nchani, ukizibadilisha zitakwama. Kama unaweka pedi mpya, fungua kifuniko cha kichupa cha mafuta ya breki, weka pedi ya zamani juu ya pistoni, uisukume ndani taratibu kwa klampu. Chungulia kichupa kisifurike. Mafuta ya breki yanakula rangi ya gari kama tindikali, yakidondoka mwagia maji mara moja. Pistoni ikikataa kurudi, au mpira wake wa vumbi umechanika, simama. Hiyo ni kazi ya fundi.

11. Funga. Diski kwenye alama yake, fremu, pedi, kalipa. Hakikisha mpira wa mafuta haujajisokota. Bolti za breki zikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Nati za tairi kaza kwa kuruka, ya pili iwe inayotazamana na ya kwanza, kwanza zote kidogo, halafu gari likiwa chini malizia kwa spana ya toki. Kwa Toyota hizi ni Nm 103 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kisha, kabla ya kuwasha gari, kanyaga pedeli pole pole mara nyingi mpaka iwe ngumu. Usipofanya hivi, breki ya kwanza itazama hadi sakafuni nawe utakuwa unatoka getini. Nimeona ukuta mmoja uliobomoka kwa namna hiyo. Gari lilikuwa limetengenezwa vizuri kabisa.

12. Zikutanishe pedi na diski. Jumapili alfajiri barabara ikiwa tupu, nenda kilomita 60 kwa saa, kanyaga breki kwa wastani hadi kama 15, achia, ongeza mwendo tena. Rudia mara nane hadi kumi, ukiacha kama nusu dakika kati ya moja na nyingine. Usisimame kabisa na mguu ukaachwa kwenye pedeli. Diski ikiwa ya moto, pedi itagonga muhuri mahali pamoja, na mtetemo utakuwa umeuzaa mwenyewe. Malizia kwa kuendesha dakika kumi bila kugusa breki sana, zipoe kwa hewa.

Matunzo ya kila siku

Kila kilomita 10,000, unapobadilishana nafasi za tairi, chungulia diski na pedi. Pedi ikibaki milimita 3 anza kutafuta hela.

Ukitoka kwa fundi pancha, kagua nati. Vijana wa mashine ya upepo wanakaza hadi mashine iseme yenyewe, moja Nm 200, nyingine 80, na kofia ya diski inavutwa upande. Mimi namwambia aziguse tu kwa mashine, nyumbani nalegeza na kukaza upya kwa spana ya toki. Nimeshaitwa mwenye dharau kwa sababu hiyo, si neno.

Usimwagie maji baridi rimu za gari lililotoka safari. Wanaoosha magari huanza na magurudumu kwa sababu ndiyo machafu zaidi, waambie wayaache ya mwisho.

Kwenye mteremko mrefu, kama Kitonga ukitoka Iringa kushuka kuelekea Morogoro, shusha gia kabla hujaanza kuteremka. Ziko 2 na L kwenye gari la otomatiki, na hazikuwekwa kwa ajili ya kupanda tu. Injini ishike gari, breki zitumike kwa vipindi: kanyaga ipungue, achia zipoe. Ukisikia harufu ya kuungua na pedeli imelegea, usisubiri mwisho wa mteremko. Tafuta pa kusimama mapema.

Mafuta ya breki badilisha kila baada ya miaka miwili. Yananyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu wa kugawa. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi karibu 140, na mafuta yanayochemka ni mapovu, na mapovu hayasukumi pistoni.

Ikiwa bado kuna tatizo

*Umesafisha, umepima, diski ni nzima, lakini bado inayumba.* Toa diski, weka geji ya saa kwenye uso wa habu wenyewe. Habu ikiyumba, au gurudumu likicheza ukilishika juu na chini na kulitikisa, ni beringi au habu. Hakuna diski ya kutibu hilo.

*Gari linavuta upande mmoja ukikanyaga.* Angalia upepo wa tairi kwanza, ni bure. Kisha, baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila rimu ya mbele bila kuigusa. Yenye moto kuliko mwenzake ina kalipa iliyoganda, au mpira wa mafuta uliovimba kwa ndani na hauruhusu mafuta kurudi.

*Filimbi nyembamba inayokuja na kupotea.* Pedi nyingi zina kijino cha chuma kinachogusa diski pedi ikikaribia kwisha. Hiyo ndiyo kengele yake. Sauti ikigeuka ya kusaga, chuma juu ya chuma, kila kilomita unayoongeza unaila diski.

*Tik tik ya taratibu inayofuata mwendo wa gurudumu.* Kwa kawaida ni bamba la vumbi lililo nyuma ya diski, umeligonga ulipokuwa unafungua. Lisogeze kwa mkono.

*Breki zina mlio baada ya diski mpya.* Zipe siku chache. Zikiendelea, fungua uone kama vipande vidogo vya chuma vinavyoshika pedi umevirudisha vyote. Mara nyingi kimoja kimebaki kwenye sinia la spana.

*Pedeli ni laini, au inazama taratibu ukiishikilia.* Kuna hewa kwenye mfumo au mafuta yanavuja mahali. Angalia kichupa na nyuma ya kila gurudumu. Gari hilo lisitoke nyumbani hata kwa kuendeshwa polepole. Mwite fundi alifuate lilipo.